Sura ya Sita: "Si Mafuta Yangu Mwenyewe?"

Liulizwe saluni Muheza mjini, liulizwe kwenye maandalizi ya harusi Tanga au sokoni Lushoto, swali ni lile lile: "Kama daktari anachukua mafuta ya tumbo langu na kuyaweka kwenye makalio yangu, hatari iko wapi? Si mafuta yangu mwenyewe?"

Ni swali la mtu anayefikiri. Muulizaji ameshasikia habari za vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa mkononi, na za sindano za maji yasiyojulikana yalikotoka. Ameviogopa, na ana haki ya kuviogopa. Sasa anaona picha kwenye simu, anasoma herufi tatu, BBL, yaani upasuaji wa makalio uliopewa jina la Brazili, na anajiambia kwamba hii ndiyo njia safi. Hakuna kitu kigeni kinachoingia mwilini. Kinachotoka ni chake, na kinachoingia ni chake.

Hoja hiyo ni kweli nusu. Mwili haukatai mafuta yake wenyewe kama unavyoweza kukataa figo ya mtu mwingine. Nusu iliyobaki ndiyo iliyoua wanawake, wengi wao vijana na wenye afya njema, na ndiyo tutakayoieleza hapa.

Tuelewane jambo moja kabla ya kuendelea. Kutaka kupendeza si kosa. Mwanamke wa pwani hii amefundwa kuutunza mwili wake tangu utotoni. Shanga za kiunoni, udi, khanga iliyofungwa ikakaa, vyote ni elimu aliyorithi kwa bibi yake. Anayetamani umbo la namba nane hastahili kuchekwa wala kusutwa. Anastahili kuelezwa ukweli wote kabla hajapanda kitanda cha upasuaji.

Upasuaji wenyewe unafanywaje?

Kwa lugha ya hospitali, kazi hii huitwa upandikizaji wa mafuta: kuhamisha mafuta hai kutoka sehemu moja ya mwili na kuyaotesha sehemu nyingine. Ina hatua nne.

1. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, au ganzi pamoja na dawa ya kumtuliza.
2. Sehemu yenye mafuta, mara nyingi tumbo, kiuno na mgongo, hujazwa maji ya chumvi yenye ganzi na dawa ya kubana mishipa ili damu isitoke nyingi.
3. Daktari hupitisha mrija mwembamba wa chuma kwenye tundu dogo la ngozi na kunyonya mafuta. Mrija huo huitwa kanyula.
4. Mafuta huachwa yatulie au huchujwa ili damu na maji yatoke, kisha hurudishwa kwa kanyula nyingine ndani ya makalio. Kila upande unaweza kuwekewa mililita mia kadhaa, na wapo wanaowekewa lita nzima au zaidi.

Mafuta yaliyohamishwa ni seli hai, na seli hai inahitaji damu. Kwa siku chache za mwanzo hayana mishipa yake, hivyo yanategemea nyama inayoyazunguka. Yanayopata damu yanaota. Yanayokosa hufa, kisha mwili huyafyonza au huyaacha kama uvimbe mgumu au kifuko cha mafuta. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kilichowekwa hupotea katika miezi ya kwanza, na ndiyo maana mgonjwa huambiwa asikalie makalio yake kwa wiki mbili au zaidi.

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba mafuta yakiwekwa ndani ya msuli yataota vizuri, kwa kuwa msuli una damu nyingi. Hoja ilionekana ya maana. Ila damu hiyo nyingi inapita kwenye mishipa mikubwa, na mishipa hiyo ndiyo iliyoleta vifo.

Hatari yenyewe iko wapi?

Ukishika kalio lako, cha kwanza ni ngozi. Chini ya ngozi kuna tabaka la mafuta. Chini ya mafuta kuna msuli mnene, ule unaokuwezesha kupanda mlima na kuinuka kitini. Na chini ya msuli huo hupita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, pamoja na vena nene. Vena ni mishipa inayorudisha damu kwenye moyo.

Mtu wa Muheza anaujua Mto Zigi. Mvua ikinyesha milima ya Amani, maji hukusanyika kwenye vijito, vijito huingia Zigi, na Zigi huteremka hadi bwawa la Mabayani, ambako mji wa Tanga huchota maji yake. Kitu kikidondokea kijito kule juu hakirudi mlimani, kinateremka na maji. Vena za makalio nazo ndivyo zilivyo. Damu yake hupanda nyonga, huingia kwenye vena kuu ya tumbo, hufika upande wa kulia wa moyo, na moyo huisukuma moja kwa moja kwenye mapafu. Mapafu ndiyo chujio la kwanza inalokutana nalo. Bonge lolote lililoingia kwenye vena ya kalio litakwama hapo.

Sasa fikiria kanyula ndani ya msuli. Ncha yake inaweza kuchana vena ambayo daktari haioni. Msuli unapoendelea kujazwa mafuta, shinikizo ndani yake hupanda. Ndani ya vena shinikizo ni dogo. Mafuta, kama kimiminika chochote, hukimbilia penye shinikizo dogo. Yanaingia kwenye vena kwa mafungu na kusafiri hadi moyoni na kwenye mapafu. Vena hata isipochomwa moja kwa moja, mafuta yaliyowekwa ndani ya msuli yanaweza kusukumana yakafika chini yake, karibu na mishipa mikubwa.

Madaktari huita hali hii embolizimu ya mafuta. Embolizimu maana yake ni kitu kilichosafiri ndani ya damu kikaenda kuziba mshipa mahali pengine. Ikiwa mafungu ni makubwa, mambo huenda haraka: mgonjwa akiwa bado mezani, hewa ya oksijeni kwenye damu inashuka, shinikizo la damu linaanguka, moyo unasimama. Hakuna dawa ya kuyayeyusha mafuta hayo. Madaktari wanaweza kusaidia moyo na mapafu tu, na mara nyingi haitoshi.

Ikiwa ni matone madogo mengi, dalili huchelewa. Kati ya saa 24 na 72 baada ya upasuaji mgonjwa huanza kuhema, hutatizika akili, na pengine hutokwa na vidoa vyekundu kifuani, kwapani au machoni. Wengi wa hawa huweza kupona, ilimradi wafike mapema mahali penye oksijeni na uangalizi wa karibu.

*Kwa ufupi:* Mafuta yako hayana sumu. Yanaua yakiingia kwenye njia ya damu, na njia hiyo iko ndani ya msuli na chini yake. Yakibaki juu ya msuli, chini ya ngozi, hatari hii hupungua sana.

Tumejuaje?

Upasuaji huu ulienea haraka kuliko ulivyochunguzwa. Mwaka 2015 madaktari walichapisha taarifa ya vifo 22 vilivyotokea Meksiko na Kolombia baada ya kuwekewa mafuta kwenye makalio. Maiti zilizopasuliwa zilionyesha jambo moja: mafuta yalikutwa ndani ya misuli ya makalio na kwenye mishipa.

Mwaka 2017 ukachapishwa uchunguzi mkubwa zaidi. Madaktari bingwa 692 walijibu maswali kuhusu wagonjwa waliowahudumia, jumla ya upasuaji karibu 200,000. Walitaja vifo 32 vilivyotokana na mafuta kuziba mapafu. Waliokuwa na mazoea ya kuweka mafuta ndani kabisa ya msuli ndio waliokutana na matatizo zaidi. Mwaka uliofuata, vyama kadhaa vya madaktari wa upasuaji rekebishi, yaani wa kurekebisha umbo la mwili, viliungana kutoa onyo: huenda mgonjwa mmoja kati ya 3,000 anakufa. Hakuna upasuaji mwingine wa urembo uliokuwa na kiwango kikubwa kama hicho.

Mmoja kati ya 3,000 ni wangapi? Tuseme wanawake 3,000 wa Muheza wamekubaliana kufanya upasuaji huo. Mmoja wao harudi nyumbani. Wala hakuwa mgonjwa. Alitoka nyumbani kwake akitembea.

Nchini Uingereza, chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo kiliwaambia wanachama wake mwaka 2018 waache kabisa kufanya upasuaji huu. Mwaka 2022 kililegeza kwa masharti mawili: mafuta yawekwe chini ya ngozi peke yake, na daktari atumie ultrasaundi wakati anayaweka. Ultrasaundi ni kile kipimo ambacho mama mjamzito huonyeshwa mtoto kwenye kioo. Hapa kazi yake ni kumwonyesha daktari ncha ya kanyula iko tabaka gani.

Jimbo la Florida, Marekani, linafundisha zaidi. Mwaka 2019 bodi ya madaktari wa jimbo hilo ilipiga marufuku kuweka mafuta ndani ya msuli. Hata hivyo watu waliendelea kufa. Kati ya mwaka 2010 na 2022, kusini mwa jimbo hilo walikufa wagonjwa 25 kwa mafuta kuziba mapafu, na 14 kati yao walikufa baada ya onyo la 2018 na marufuku yaliyofuata. Karibu wote walipasuliwa katika kliniki za bei nafuu zinazopokea watu wengi kwa siku moja. Mwaka 2022 bodi ikalazimika kuagiza matumizi ya ultrasaundi na kuweka kikomo cha wagonjwa watatu kwa daktari mmoja kwa siku.

Somo la Florida ni zito. Sheria peke yake haikutosha, kwa sababu daktari anayefanya kazi kwa kukisia anaweza kuamini kwa dhati kwamba yuko chini ya ngozi, kumbe ameshazama msulini. Mgonjwa amelazwa kifudifudi, kanyula inaingia kwa mshazari, na kanyula nyembamba hupinda. Daktari aliyechoka, aliyebakiza wagonjwa wengine nje, hana muda wa kusimama na kuhakikisha.

Habari njema ipo. Uchunguzi wa baadaye kati ya madaktari waliobadilisha njia zao ulikadiria kifo kimoja kati ya takriban 15,000. Maana yake vifo vingi vingeweza kuepukika.

Hatari nyingine zinazosahaulika

Mafuta kwenye mapafu ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Haiko peke yake.

- Kutobolewa viungo vya ndani. Wakati wa kunyonya mafuta ya tumbo, kanyula ikipita ndani kuliko inavyotakiwa inaweza kutoboa utumbo. Uchafu wa utumbo humwagika tumboni, na mgonjwa huugua siku chache baadaye akiwa ameshakwenda nyumbani.
- Damu kuganda miguuni. Upasuaji mrefu na kulala bila kutembea husababisha damu kuganda kwenye vena za miguu. Bonge likibanduka, nalo huenda kwenye mapafu.
- Ganzi kuzidi kipimo. Dawa inayochanganywa kwenye yale maji ya chumvi, ikizidi, huvuruga moyo na ubongo.
- Kupoteza damu na maji. Kadiri mafuta yanayonyonywa yanavyokuwa mengi, ndivyo mwili unavyoyumba. Aliyeingia na upungufu wa damu huingia hatarini zaidi.
- Maambukizi. Vifaa visivyochemshwa vizuri huingiza vimelea. Kati ya mwaka 2013 na 2014, Wamarekani waliokwenda kupasuliwa Jamhuri ya Dominika walirudi na majipu sugu yaliyosababishwa na vimelea vya ukoo mmoja na vile vya kifua kikuu. Matibabu yake huchukua miezi.

Jamhuri hiyo hiyo inatuonyesha gharama ya kufuata bei nafuu mbali na kwako. Serikali ya Marekani ilihesabu raia wake 93 waliokufa huko baada ya upasuaji wa urembo kati ya mwaka 2009 na 2022. Vifo vya mwaka 2019 na 2020 vilipochunguzwa kwa undani, sababu mbili zilitangulia: kwanza mafuta kuziba mishipa, kisha damu iliyoganda.

Na kwetu Afrika Mashariki?

Oktoba 2023, Hospitali ya Taifa Muhimbili, kupitia tawi lake la Mloganzila jijini Dar es Salaam, ilitangaza kuanza huduma za upasuaji rekebishi wa urembo. Upasuaji rekebishi ni ule unaorekebisha umbo la mwili, iwe kwa aliyeungua moto, aliyezaliwa na mdomo wazi, au anayetaka mwonekano tofauti. Tangazo lile lilipokelewa kwa gumzo kubwa nchini. Faida yake ni kwamba huduma iliyokuwa ikifuatwa ng'ambo au kwa kificho imeingia kwenye hospitali ya umma yenye madaktari bingwa, damu salama na wodi ya wagonjwa mahututi.

Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2024, Nairobi ikapata msiba. Mwanamke alifariki siku chache baada ya kunyonywa mafuta kwenye kituo binafsi cha urembo. Baraza linalosimamia madaktari nchini Kenya lilichunguza na kukifunga kituo hicho. Msiba ule ulitokana na kunyonya mafuta, ambayo ni nusu ya kwanza ya kazi tunayoieleza katika sura hii. Watu huizungumzia nusu hiyo kana kwamba ni kupunguza nywele. Nayo ni upasuaji kamili.

Sasa tuitazame safari ya mwanamke wa Muheza. Kutoka Dar es Salaam hadi Muheza ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Chalinze na Segera. Ni saa nyingi za kukaa kitini ndani ya basi. Aliyepasuliwa juzi akipanda basi hilo anafanya makosa mawili kwa pamoja. Anayakalia mafuta mapya, ambayo bado yanatafuta damu, na anaining'iniza miguu bila kutembea katika siku ambazo damu yake inaganda kwa urahisi. Kisha akifika kwake Amani, au akipandisha hadi Lushoto, yuko mbali na daktari anayejua alichofanyiwa.

Bei ya upasuaji, basi, haiishii kwenye risiti ya hospitali. Weka na nyumba ya kupumzikia karibu na hospitali kwa muda atakaosema daktari, mtu wa kukuangalia usiku na mchana, na akiba ya kurudi haraka likitokea la kutokea. Kama fedha iliyopo inatosha upasuaji tu, bado haijatosha.

Vipi kuhusu njia za mkato?

Wapo watakaosoma haya na kusema, "Kumbe kisu ni hatari, bora sindano na vidonge." Hapana. Huko ni pabaya zaidi.

Sindano za kuongeza makalio zinazochomwa majumbani na saluni mara nyingi hubeba silikoni ya maji au mafuta ya aina isiyojulikana. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba silikoni ya maji haijaidhinishwa kuchomwa mwilini kwa ajili ya kuongeza umbo. Ikishaingia haitoki. Hutembea hadi mapajani, huota vinundu, huozesha nyama, na ikiingia kwenye vena huziba mapafu sawasawa na mafuta. Sindano iliyotumika kwa mwenzako inaweza pia kukuachia Virusi vya UKIMWI au homa ya ini.

Vidonge na sharubati za kunenepesha nazo zina siri yake. Nyingi zina dawa ya mzio inayoitwa saiproheptadini, ambayo huleta njaa na usingizi. Nyingine huwa na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Ukiitumia kwa muda mrefu bila daktari, uso unavimba, sukari na shinikizo la damu vinapanda, mifupa inadhoofika, na kuiacha ghafla kunaweza kukuangusha. Na mafuta yanayoletwa na vidonge hayachagui pa kukaa.

Maswali ya kumuuliza daktari

Ukiwa umeamua, nenda na maswali yako yakiwa yameandikwa. Kuuliza si utovu wa adabu. Mazungumzo mazuri huenda hivi:

"Shikamoo daktari. Naomba kujua, mafuta utayaweka tabaka gani?"

"Marahaba, dada. Chini ya ngozi tu. Msulini siingii."

"Na utajuaje kwamba hujaingia?"

"Nitatumia ultrasaundi muda wote ninaoyaweka. Nitaiona ncha ya mrija ilipo."

Maswali hayo mawili ndiyo yenye uzito kuliko yote. Daktari akikujibu kwamba yeye ana uzoefu na hahitaji kuona, shukuru, nyanyuka, ondoka. Akikujibu vizuri, endelea na haya:

1. Je, wewe ni daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, na umesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Naomba namba yako ya usajili.
2. Kituo hiki kimesajiliwa kufanya upasuaji, au ni kliniki ya urembo tu?
3. Nani atanipa usingizi, na atabaki chumbani muda wote?
4. Unafanya upasuaji wa namna hii kwa watu wangapi kwa siku?
5. Kuna damu, oksijeni na wodi ya mahututi hapa hapa, au nitasafirishwa?
6. Nikipata tatizo usiku nikiwa nyumbani, nampigia nani?

Nawe sema yako bila kuficha. Mwambie kama una selimundu, kisukari, shinikizo la damu, upungufu wa damu au ujauzito. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, kwa sababu vile vyenye homoni ya estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda. Kama unavuta sigara. Kama uliwahi kuvimba mguu kwa damu iliyoganda. Na kama uliwahi kuchomwa sindano ya kuongeza makalio. Daktari mzuri anaweza kukukatalia. Kukataliwa na daktari mwaminifu ni huduma.

*Kwa ufupi:* Mahali pa kuwekwa mafuta, kifaa cha kuona, daktari aliyesajiliwa, hospitali yenye vifaa vya dharura. Kikikosekana kimoja, usikubali.

Ukisharudi nyumbani

Nenda hospitali bila kungoja kupambazuke ukiona lolote kati ya haya:

- Unahema, kifua kinabana au kinauma, au unakohoa damu.
- Umechanganyikiwa, una usingizi usio wa kawaida, au umezimia.
- Vidoa vyekundu kifuani, kwapani au machoni.
- Mguu mmoja umevimba na unauma kuliko mwingine.
- Homa, wekundu unaosambaa, usaha au harufu mbaya kwenye kidonda.
- Tumbo limekuwa gumu, linauma sana, au unatapika mfululizo.

Ukifika, iwe Hospitali Teule Muheza au Bombo mjini Tanga, sema ukweli mlangoni: "Nimefanyiwa upasuaji wa kuhamisha mafuta siku fulani." Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa maisha yako. Mkoa wa Tanga una malaria, na mgonjwa anayekuja na homa na kuhema atafikiriwa malaria au nimonia kwanza. Aibu ikikufunga mdomo, saa zinazopotea kwenye vipimo visivyohusika ni saa zako. Muuguzi ameapa kutunza siri yako.

Ukweli huo utakufaa hata miaka ikipita. Sindano nyingi, pamoja na ile ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, zinaweza kuchomwa kwenye kalio, na zinatakiwa zifike msulini. Tabaka la mafuta likiwa nene, sindano huishia njiani na dawa haifanyi kazi inavyotakiwa. Muulize muuguzi kama anaweza kukuchoma kwenye mkono wa juu.

Kwa wanaume, wazazi na marafiki wanaosoma sura hii: mwanamke akikueleza kwamba anafikiria upasuaji huu, usimcheke. Aliyechekwa hufanya kwa siri, na anayefanya kwa siri huenda kwenye bei nafuu, hurudi na basi la jioni, na huugua peke yake chumbani. Mpe muda wa kuongea. Kama moyo wake umeshaamua, mfuate hospitali, uyasikie majibu ya daktari pamoja naye.

Na kwako dada yangu uliyeuliza swali lile: ndiyo, mafuta ni yako. Mapafu nayo ni yako. Usimruhusu mtu akuhamishie mafuta asiyeweza kukuonyesha, kwa kifaa na kwa macho, ni wapi anayaweka.